Ngazi ya Bi Zuhra

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda nimevaa kanzu. Msicheke. Mke wangu aliifua na kuipiga pasi tangu jana yake, maana mimi nilikuwa muuza kahawa Kariakoo, na kazi ya ujenzi kwa mkandarasi kwetu ilionekana kazi ya heshima, mtu anaiendea amejitia marashi. Nikafika karibu na Magogoni, walikokuwa wakijenga maghala, nikamkuta Nyapara Mkuu amesimama juu ya rundo la kokoto. Huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa mafundi na vibarua wote, mtu mfupi, lakini akiita mtu, sauti inafika Kigamboni kabla ya pantoni. Akanitazama kuanzia kofia mpaka makubadhi.

"Wewe," akaniuliza, "umekuja kujenga au kusalisha?"

"Nimekuja kujenga, bwana."

"Haya Imamu, shika karai."

Jina hilo likaniganda. Mpaka nimestaafu, mjini hapa hakuna fundi aliyenijua kwa jina alilonipa baba yangu. Ukiuliza Fundi Imamu ni nani, utaletwa kwangu, na msikitini mimi husimama safu ya nyuma kabisa.

Wakati ule zege halikukorogwa kwa mashine. Unamwaga mchanga, kokoto na saruji juu ya mbao, watu wanakoroga kwa makoleo mpaka jasho linazidi maji, na wengine tunajipanga mstari tukipokezana makarai hadi juu. Jioni ile kanzu yangu ilikuwa ngumu kama ukuta. Mke wangu alipoiona alikaa kizingitini akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akanitolea msuli mkuukuu, akasema kesho uende na huu, Imamu. Habari ilikuwa imefika nyumbani kabla yangu! Kariakoo ndivyo ilivyo, hata leo.

Nilibeba karai muda mrefu, nikapandishwa kushika mwiko, nikahamishwa kutoka maghala kwenda nyumba za wakubwa wa serikali upande wa baharini, kisha shule moja, kisha maduka ya Uhindini. Huko kote Nyapara Mkuu alikuwa yeye yule. Kabla ya unyapara alikuwa fundi ngazi, na mimi akanichagua anifundishe ngazi. Kwa nini, sijui. Labda kwa sababu nilikuwa mbishi, naye alipenda kubishana.

Ngazi si mchezo. Kila kidato, yaani kila daraja unalolikanyaga, lazima kiwe na kimo kimoja na mwenzake. Kwanza unafunga kalibu, ndilo umbo la mbao linalosubiri zege, ndani yake unalaza nondo za chuma, unamwaga, unangoja likauke, ndipo unavua mbao. Ukikosea kwenye kalibu umekosea milele. "Mguu ukishapanda vidato viwili tu, umeshakariri," Nyapara Mkuu alikuwa akiniambia. "Cha tatu ukikizidisha unene wa kidole, umemvunja mtu meno." Ngazi ikikamilika, alikuwa ananifunga kilemba machoni, ananipandisha juu, ananiambia haya, shuka. Mara ya kwanza nilimwambia naogopa. "Unaogopa?" akasema. "Uliyeijenga unaogopa, nani sasa aishuke?" Nikashuka. Kidato cha mwisho nilikitafuta kwa mguu nikakikosa, nikatua kwa makalio, na ngazi ile tukaivunja tukaanza upya.

Sasa nije kwenye nyumba yenyewe.

Alikuwepo mfanyabiashara wa mchele na samli, Bwana Nassor. Mwarabu wa hapa hapa, babu yake ndiye aliyetoka Arabuni. Yeye Kizaramo anakisema kuliko mimi niliyezaliwa nacho. Huyu aliuza shamba la minazi la marehemu baba yake ili ajenge nyumba ambayo mjini hapa watu wa kawaida walikuwa hawajapata kukaa: maduka chini, na juu yake ghorofa tatu za kupangisha familia. Ilikuwa pale ukivuka Mnazi Mmoja ukitokea Kariakoo. Watu walisema amerogwa. Siku hizo ghorofa zilikuwa za ofisi, au za matajiri, familia moja na watumishi wake, na ngazi yao moja ya kunyooka mpaka mlangoni. Lakini watu wasiojuana wapangwe mmoja juu ya kichwa cha mwingine, mara tatu? Nani amewahi kuona?

Mchoraji wake alikuwa kijana wa Kihindi, msanifu wa majengo, aliyetembea na makaratasi yake makubwa yamekunjwa kwapani. Sisi tulimwita Bwana Ramani. Nami nitasema kweli, yule kijana alikuwa na jicho. Katikati ya nyumba aliacha uwazi kutoka chini mpaka mbinguni, upepo unaingia kwa mbele, unazunguka, unatokea huko juu na joto lote. Nimesimama humo mchana wa jua kali nikatamani shuka nijifunike. Mbele ya kila ghorofa aliweka baraza yenye kimia cha mbao, wanawake wanaona barabara nzima na barabara haiwaoni. Majiko aliyatupa upande ambao moshi unaondoka zake bila kumsumbua jirani. Nikawa naenda kazini mapema, naizunguka ile nyumba peke yangu kabla wenzangu hawajafika, naipenda tu.

Na ngazi! Ngazi aliichora ya mviringo, ndani ya mnara mwembamba kwenye pembe ya nyumba, inajizungusha kwenda juu bila nguzo unayoiona. Nyapara Mkuu aliitazama ramani, akajikuna kidevu, akanisukumia mimi. "Imamu, hii ni yako. Magoti yangu yameshastaafu kabla yangu."

Ilikuwa ngazi yangu ya kwanza kuijenga nikiwa mkubwa wa kazi. Mbao za kalibu ilibidi zilowekwe majini zipindike. Nondo nazo tulizipinda moja moja. Ilipovuliwa mbao, wallahi, hata Nyapara Mkuu alivua kofia. Watu walikuja kutoka Gerezani, kutoka Kisutu, wanaingia wanatazama juu midomo wazi. Familia zikaanza kumwekea Bwana Nassor ahadi: mshonaji mmoja na wanawe, karani wa bandarini, mwalimu wa madrasa. Nilitembea kifua mbele. Mke wangu akaniambia nimeanza hata kukoroma kwa maringo.

Basi Bwana Nassor akamleta mama yake aione, kwa kuwa alitaka mama awe wa kwanza kuhamia, awatoe watu hofu. Bi Zuhra alikuwa mtu mzima, amejitanda buibui, fimbo mkononi, na ulimi haujazeeka hata kidogo. Akapanda ngazi yangu polepole. Akasifu upepo, akasifu kimia cha mbao, akakaa dirishani akahesabu nani anapita na nani. Kisha akanigeukia.

"Fundi, hongera. Mikono yako isipate ubaya."

"Ahsante, Bi mkubwa."

"Sasa niambie. Siku yangu ikifika, mtanitoaje humu?"

Nikadhani ananitania. "Kwa mlangoni, Bi mkubwa, kama watu wote."

"Mlango nimeuona. Nauliza hiyo ngazi. Mimi nimelala kwenye jeneza, wanne wamenibeba mabegani. Hapo panapojizungusha, nitapitaje?"

Bwana Nassor akababaika. "Mama, jamani! Ndiyo kwanza tunahamia, unazungumza habari za kufa?"

"Ndiyo nauliza mapema, mwanangu. Nikishakufa nitamuuliza nani?"

Nyumba za chini hakuna anayewaza jambo hilo. Maiti anaoshwa, anafunikwa, anatolewa mlango wa mbele amelala vyema, watu wanampokea. Bwana Ramani alikuwa amepima upepo, jua, mvua na macho ya majirani. Jeneza hakulipima, na mimi niliyezikana na watu tangu utoto sikulipima vilevile.

Kuazima jeneza msikitini ulipeleke kwenye nyumba mpya ni nuksi, kwa hiyo tukaleta kitanda cha kamba, maana urefu wake unakaribiana. Mpaka rangi wetu, Mshamu, mtu wa mzaha, akasema mimi nitakuwa maiti, kazi ya kulala naiweza. Akajilaza, akafumba macho, tukambeba mabegani kutoka ghorofa ya juu. Kwenye mzunguko wa kwanza kitanda kikagonga ukuta. Tukarudi nyuma, tukajaribu upande. Kikagoma. Tukakiinua kichwani, tukakishusha miguuni, tukakiinua zaidi, na Mshamu akaanza kuteleza.

"Jamani!" akapiga kelele. "Jamani, maiti anasimama!"

Wapita njia walikuwa wamejaa mlangoni. Kicheko kilichotoka hapo kilivuka Mnazi Mmoja. Ilipofika alasiri, Kariakoo nzima ilikuwa imeshaipa nyumba jina: Maiti Wima. Mshonaji akaja kuomba radhi, mke wake amekataa. Karani akaona aibu kuja mwenyewe, akatuma shemeji. Mwalimu wa madrasa hakuja wala hakutuma mtu.

Nilimkuta Bwana Nassor kwenye duka lake jipya tupu, amekalia gunia. Shamba la baba yake lilikuwa limeshakwenda, na nyumba haikuwa na mtu. "Imamu," akaniambia, "nyumba hii itaniua. Na nikifia humu nitatoka nimesimama."

Alitaka kucheka, ikashindikana. Nami badala ya kumwonea huruma nikapandwa na hasira, maana nilijua kinachofuata. Nikamwendea Nyapara Mkuu. "Kwani watu wanapanga nyumba ili wafe? Ngazi nzuri namna ile ivunjwe kwa sababu ya safari moja?"

"Safari moja," akanijibu, "lakini kila mtu anayo. Wewe ungempandisha mama yako huko?"

Mama yangu alikuwa hai. Nikaokota mwiko wangu nikaondoka.

Bwana Ramani alikuja na wazo: tutafunga roda juu, yaani gurudumu la kamba, na msiba ukitokea jeneza litashushwa kwa nje, taratibu, salama kabisa. Bi Zuhra akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Kwa kamba, mwanangu? Nje ya dirisha? Kama gunia la mchele wa Nassor?"

Kijana wa watu akaona haya, masikio yakawa mekundu. Wengine wangekasirika. Yeye alikunja karatasi zake akasema, "Bibi, basi nionyesheni mnavyobeba." Na hakusubiri. Kesho yake kulikuwa na mazishi Kariakoo, akayafuata kwa miguu kutoka mlango wa msikiti mpaka makaburini, nyuma ya watu wote. Akarudi amejaa vumbi na macho yanang'aa.

"Si watu wanne," akatuambia. "Mliniambia wanne, nikaamini. Ni watu wote! Kila mtu anaingia chini, anabeba hatua chache, anampisha mwingine. Jeneza linakwenda, wabebaji wanabadilika. Nami nilitaka kupima jeneza peke yake."

Hapo akafanya jambo ambalo sijaona msanifu mwingine akilifanya. Akatupeleka kwenye sakafu ya duka, akatuamuru tubebe kile kitanda mabegani, tugeuke nacho kama tunavyogeuka penye kona, tupokezane, tupishane. Yeye akatambaa kwa magoti na kipande cha chaki, anazunguka nyuma ya nyayo zetu, anachora tunapokanyaga. Tulipotua kitanda, sakafuni palikuwa na umbo kubwa, pana kuliko chumba cha kulala. Ndilo lililokuwa pumziko, yaani ule uwanja wa ngazi ambapo unasimama kabla ya kugeuka na kupanda tena. Likahitajika kila baada ya nusu ghorofa.

"Nafasi hiyo itatoka wapi?" Nyapara Mkuu akauliza.

Bwana Ramani akamtazama Bwana Nassor. Ingetoka kwenye stoo za kila ghorofa, na chini ingemega duka lake karibu nusu. Bwana Nassor akamtazama mama yake, mama akatazama pembeni asimlazimishe.

"Megeni," akasema.

Nyundo ya kwanza kwenye ngazi ya mviringo niliipiga mwenyewe. Sikutaka mkono mwingine uianze. Nililia, naam, mwanamume mzima na vumbi la saruji usoni, na wenzangu kwa uungwana wakajifanya ni vumbi. Zege lilikuwa zuri, gumu, lilikataa kuvunjika, na kila lilipokataa nilizidi kuumia na kuzidi kujisifu.

Ngazi mpya ilikwenda mahali pengine, kando ya ule uwazi wa upepo. Ilipanda kwa kunyooka, ikafika kwenye pumziko, ikageuka, ikapanda tena. Bwana Ramani aliweka dirisha pana kwenye kila pumziko ili mwanga uanguke miguuni. Vidato nilivifanya vifupi kwa kimo na vipana kwa kukanyagia, kwa sababu mtu aliye chini ya jeneza haoni miguu yake. Huo ndio wakati nilipoelewa kilemba cha Nyapara Mkuu. Nilipomaliza nilijifunga mwenyewe machoni, nikaishuka kutoka juu mpaka barabarani, na mguu haukuuliza swali.

Siku ya kujaribu, Bwana Nassor hakuwafungia watu mlango. Alitaka waone. Wakajaa barabara nzima, wengine wamekuja kucheka tena. Mshamu akajilaza kwenye kitanda cha kamba. "Safari hii mkinisimamisha, nawaachia kazi na rangi yenu," akasema. Tukambeba. Pumziko la kwanza tukageuka, tukapokezana, kitanda kimelala sawa. La pili na la tatu, hivyo hivyo. Upepo unapita, hatuhemi hata. Nje watu wanasikiliza miguu yetu tu. Tukatokea mlangoni, tukamtua Mshamu taratibu, tukangoja aruke na mzaha wake.

Hakuruka. Tukainama. Mshamu alikuwa anakoroma.

Lo! Vicheko vya siku hiyo vilikuwa vingine kabisa. Bi Zuhra alicheka akatoa machozi, akajifuta kwa ncha ya buibui. Mwanawe akamwuliza, mama, tukuwekee vyumba vya ghorofa ya kwanza, usichoke?

"Nani? Mimi nataka juu kabisa. Nishushwe ngazi yote, mchoke!"

Wiki ile ile mshonaji alirudi, tena na mke wake mbele, anachagua dirisha. Karani akaja mwenyewe, na mwalimu wa madrasa naye. Nyumba ikajaa, na jina la Maiti Wima likafa, ikawa Nyumba ya Bi Zuhra mpaka leo.

Mapumziko yale ndiyo yaliyofanya kazi ambayo hatukuifikiria. Tulidhani watu wa ghorofa hawatajuana. Wapi! Pumziko la chini likawa la kahawa na siasa. La kati wanawake walichambulia mchele, huku wanasukana nywele na kumsema mshonaji. Kwenye dirisha la juu, mwalimu wa madrasa alikaa na juzuu zake alasiri, maana mwanga ulikuwa mzuri kuliko chumbani kwake. Harusi zilipanda pale na ngoma zao. Bwana Ramani alikuwa akipita kazini kwake, anasimama, anaangalia juu, anatabasamu, anakwenda zake. Baadaye mkandarasi alinipeleka kwenye nyumba nyingine nyingi za ghorofa, na kila tulipoanza, nilileta kitanda cha kamba na chaki kabla ya kitu kingine chochote.

Bi Zuhra aliishi huko juu miaka mingi, mpaka tukasahau swali lake. Siku ilipofika, Bwana Nassor alituma mtu kuniita kazini, nami nikaenda na udongo mikononi. Nyapara Mkuu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mshamu alikuwepo, na Bwana Ramani alisimama chini barabarani, kofia mkononi. Nikaingia chini ya jeneza upande wa mbele kulia. Mimi hulia ovyo, nimeshawaambia. Machozi yalinijaa nikawa sioni kitu, si ukuta, si dirisha, si mtu. Nikashuka hivyo hivyo. Mguu ulijua kila kidato. Kwenye kila pumziko watu walitupokea, wakatupisha, wakapokezana, wapangaji wa nyumba nzima, na Bi Zuhra alitoka mlangoni amelala kama alivyotaka.

Mimi sasa nimestaafu. Mwanangu wa kike amepanga humo humo, ghorofa ya juu, vyumba vile vile vya Bi Zuhra, na amenichukua nikae naye tangu mama yake afariki. Naona vijana mnajenga majumba marefu, mengine yanapendeza kweli, napita nayatazama na roho yangu inafurahi. Nawaombeni mkimaliza kuchora, mtafute kitanda cha kamba. Jioni nikitoka Kariakoo napanda taratibu, nasimama kwenye kila pumziko, na watoto wa majirani wananikuta hapo.

"Shikamoo, babu. Umechoka? Tukushike mkono?"

"Marahaba. Sijachoka, nakagua kazi."

Kupanda bado napanda mwenyewe. Kushuka sina wasiwasi.